Redio za mbali ziingie darasani

Wahenga walinena kwamba sikio halilali na njaa. Katika madarasa yetu ya Kiswahili, hata hivyo, sikio limelala na njaa kwa miaka mingi.

Chukua mtihani wa kidato cha nne. Karatasi za Kiswahili ni tatu, yaani Insha, Lugha na Fasihi, na zote hujibiwa kwa kalamu. Mtahiniwa hukariri kwamba miongoni mwa lahaja za Kiswahili mna Kimvita, Kiamu, Kiunguja na Kingwana. Lakini ukimwuliza Kingwana husikikaje, atakutumbulia macho. Amefundishwa jina la tunda ambalo hajapata kulionja.

Kizazi kilichotangulia kilikuwa na redio ya masafa mafupi. Mawimbi yake hupanda hadi tabaka la juu la anga, yakarudishwa ardhini maelfu ya kilomita kutoka kituoni. Kwa njia hiyo Kiswahili kilitufikia kutoka Cairo tangu 1954, London tangu 1957 na Ujerumani tangu 1963. Yalikuwa mafao makubwa, ingawa sauti ilikuja na kupotea. Aidha, kilichosikika ni kile ambacho mataifa makubwa yalitaka tukisikie. Kituo kidogo cha mji jirani, ambacho mawimbi yake ya FM hayavuki mbali, kilibaki kuwa cha wenyeji wake tu.

Intaneti imeuondoa mpaka huo. Simu iliyo mfukoni mwa mwalimu wa Kakamega inaweza kumletea TBC Taifa ya Dar es Salaam, au Radio Okapi ya Kongo, ambayo tangu 2002 hutangaza kwa Kifaransa na lugha nne za nchi hiyo, Kiswahili kikiwemo. Programu ya Radio Garden, iliyobuniwa Uholanzi na kuzinduliwa 2016, humwonyesha msikilizaji tufe la dunia. Akigusa mji, husikia redio ya mji huo papo hapo.

Mwanafunzi atavuna nini? Atagundua kwamba tarakilishi na rununu tunazomsisitizia hapa Kenya, Mtanzania huziita kompyuta na simu ya mkononi bila wasiwasi wowote. Wananchi wa mashariki ya Kongo wakihojiwa, huenda akasikia watu wakiitwa batu na maji yakiitwa mayi. Hapo isimujamii itakoma kuwa orodha ya kukariri na kuwa elimu ya watu walio hai.

Wapo watakaosema kwamba mchanganyiko huo utamharibia mwanafunzi Kiswahili sanifu. Hofu hiyo haina mashiko. Anayejua tofauti huchagua kwa busara. Asiyeijua ndiye huchanganya. Hata makosa ya mtangazaji ni somo, mradi mwalimu awepo wa kuyaeleza.

Pingamizi lenye uzito ni gharama. Matangazo ya kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde hula takriban megabaiti 29 kwa saa. Kipindi kimoja cha dakika 40 hakifiki megabaiti 20. Shule haihitaji simu 50; yatosha mwalimu mmoja arekodi taarifa ya habari usiku, kisha asubuhi aicheze mbele ya darasa zima.

Hata hivyo, redio ya kawaida isitupwe jaani. Mnamo Januari 2021, wakati wa uchaguzi, serikali ya Uganda ilizima intaneti, na mtandao ukizimwa redio yake huzimika nayo. Tena wenye sauti za mbali huweza kuzinyamazisha wenyewe: Machi 2025, Sauti ya Amerika ilisimamisha matangazo yake, ya Kiswahili yakiwemo. Chombo kipya ni nyongeza wala si mbadala.

Mtaala wa umilisi umetaja kusikiliza na kuzungumza kuwa stadi za lugha. Itakuwa kejeli iwapo stadi hizo zitabaki katika vitabu kwa kuwa hazitahiniwi. Baraza la mitihani lina wajibu wa kufikiria karatasi ya kusikiliza. Wakati tukiingojea, walimu na vyama vya Kiswahili shuleni hawana haja ya kusubiri waraka wa mtu. Shime, na tulilishe sikio.