Huduma ya Kwanza Ianzie Nyumbani

Si jambo geni mtoto kujeruhiwa mama akiwa sokoni na baba kazini, na aliye karibu naye ni ndugu yake wa miaka 9 au 10. Huyo ndiye tabibu wa kwanza, tutake tusitake. Twamfunza mapema kuhifadhi sura fupifupi na kuwaamkia wazee kwa adabu. Lakini tukimuuliza afanyeje mdogo wake akimwagikiwa na chai ya moto, aghalabu hujibu kwa yale aliyowaona wakubwa wakiyafanya: nitampaka dawa ya meno.

Hapo ndipo pa kuanzia. Jeraha la moto halitaki dawa ya meno, wala samli, wala unga, wala ute wa yai. Ngozi iliyoungua hubaki na joto, na joto hilo huzidi kuila nyama ya ndani hata baada ya moto wenyewe kuondoka. Vitu hivyo havilitoi joto, tena daktari hana budi kuvisafisha baadaye, na mtoto akalia mara ya pili. Kinachohitajika ni maji baridi ya mfereji, yasiyo ya barafu, yapitishwe juu ya jeraha kwa dakika 20.

Dakika 20 ni ndefu mno mbele ya mtoto anayelia. Kwa hivyo zoezi lifanywe siku ya salama: mpeni kata na ndoo ya maji, amwagie mkono wa mdogo wake huku mkitazama saa, aujue urefu wa muda huo. Kwa kuwa mitaa mingi ya Mombasa yaijua shida ya maji, ajue pia kwamba mfereji ukikauka, mkono waweza kutumbukizwa ndani ya ndoo. Bangili na pete zivuliwe kabla ya uvimbe. Nguo iliyogandamana na ngozi isibanduliwe. Kisha jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi. Na ukelele wa kumwita mkubwa upigwe tangu mwanzo.

Jambo la pili ni mafuta ya taa, yanayonunuliwa kwa kipimo na kutiwa ndani ya chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu ataishuku vipi chupa hiyo? Akisha kuyanywa, watu hukimbilia kumtapisha, na hapo ndipo penye hatari: mafuta ya taa hudhuru zaidi yakiingia mapafuni, na kutapika huweza kuyapeleka huko. Basi ndugu yake afunzwe asimtapishe, asimnyweshe maziwa, amwite jirani upesi, na chupa ile ipelekwe hospitali pamoja na mgonjwa. Lakini kuitia chupa ya soda mafuta ya taa ni kosa letu wakubwa, na hakuna mafunzo ya mtoto yatakayolifuta.

Kuhusu jiko la makaa, Mtume (S.A.W.) alikataza moto kuachwa ukiwaka nyumbani watu wanapolala. Mwelezeni mtoto kwamba, mbali na kuunguza, makaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunukia. Akiijua sababu, yeye ndiye atakayetukumbusha.

Baharini na kisimani kanuni ni fupi: mtoto asimrukie mwenzake anayezama. Amtupie kamba au dumu tupu lililofungwa kifuniko, au amnyoshee upondo, huku akiita watu.

Namba za dharura ni 999 na 112, na ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199. Simu iliyofungwa kwa namba ya siri huweza kupiga 112. Mwonyesheni mtoto namna yake. Kisha msikilizeni akieleza mnakoishi. Mtoto wa vichochoroni huijua nyumba yao kwa jina la jirani, jina lisilomfaa kitu dereva wa ambulensi. Afunzwe kutaja mtaa na msikiti ulio karibu, na ajue ni nani atakayesimama barabarani kumpokea dereva.