Nyonga Mpya na Kovu Dogo

Mzee akilalamika kuwa nyonga yamwuma hata hawezi kuchutama, wengi wetu husema ni uzee tu. Lakini nyonga iliyoharibika yaweza kubadilishwa. Hapa nataka kueleza habari za njia ya kupasua kidogo, ambayo siku hizi husifiwa sana.

Kichwa cha mfupa wa paja huzunguka ndani ya kikombe cha mfupa wa nyonga. Gegedu laini lililo kati yao likilika, mfupa husaga mfupa, na ndipo maumivu huzidi. Mwaka 1962 daktari Mwingereza, John Charnley, katika hospitali ya Wrightington, alitia kichwa cha chuma chenye upana wa milimita 22 ndani ya kikombe cha plastiki ngumu, akavishikiza kwa simiti maalum. Ili aone vizuri, alikuwa akikata kipande cha mfupa wa paja, kisha hukirudisha na kukifunga kwa waya.

Baadaye madaktari walianza kufupisha mpasuo, hata ukawa chini ya sentimita 10. Wengine hupita upande wa mbele, wakaitenga misuli bila kuikata. Mgonjwa aliyepasuliwa hivyo mara nyingi hutembea mapema kidogo katika wiki za kwanza, lakini baada ya miezi michache tofauti huwa ndogo.

Je, kovu fupi peke yake lina faida? Katika mji wa Belfast wagonjwa 219 waligawanywa kwa kura: wengine walipasuliwa sentimita 10 au chini yake, wengine 16. Matokeo yalitangazwa mwaka 2005. Kwa damu iliyopotea, maumivu, na kutembea siku za mwanzo, mpasuo mfupi haukuwashinda wenzao. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Tena iko hatari. Tundu likiwa dogo, daktari asiyezoea haoni sawasawa. Kikombe kikikaa upande, kichwa chaweza kuchomoka, na plastiki kulika upesi.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mkimpeleka mzee hospitali, msianze kuuliza urefu wa kovu. Mwulizeni daktari kwa heshima: "Kwa njia hii utakayoitumia, umekwisha kubadilisha nyonga ngapi, na wagonjwa wako wanaendeleaje?"