Bitana ya mfuniko wa buti

Bitana ya mfuniko wa buti ni kipande cha kapeti, hadibodi au plastiki kinachofunika upande wa ndani wa mfuniko wa buti ya gari. Magari mengi ya bei ya juu hutoka kiwandani yakiwa nayo. Katika matoleo ya bei nafuu ya magari ya sedani, mara nyingi bati, waya na komeo huachwa wazi. Nchini Tanzania, ambako magari mengi madogo huingizwa kutoka Japani yakiwa yametumika, si ajabu pia kukuta bitana imepotea au vibanio vyake vimevunjika. Mwenye gari anaweza kuitengeneza mwenyewe au kumpa kazi fundi wa kava za siti.

Kazi yake

Wengi huiona kuwa pambo, lakini kazi yake kubwa ni kulinda waya. Waya za taa ya kibao cha namba, na katika baadhi ya magari za taa za breki na komeo la umeme, hupita kando ya bawaba hadi ndani ya mfuniko. Gunia la viazi lililojazwa hadi juu linaweza kuzikwaruza au kuzivuta. Waya uliochunika ukigusa bati, fyuzi huungua na taa zinazoitegemea huzimika, pengine bila dereva kujua. Kwa anayesafiri kwa ukungu kutoka Njombe hadi Makambako, mji ambapo barabara ya Songea inaungana na barabara kuu ya Dar es Salaam–Mbeya yenye malori mengi, hilo si jambo dogo.

Bitana hupunguza pia kelele, ingawa kidogo tu.

Unyevu na kutu

Sehemu za baridi, kama kata ya Ipelele na maeneo mengine ya Wilaya ya Makete, zina tatizo lao. Usiku bati la mfuniko hupoa haraka. Mvuke unaotoka kwenye mboga mbichi, udongo au nguo zenye maji hugeuka matone chini ya bati hilo. Kapeti iliyogandishwa kwa gundi moja kwa moja kwenye bati hufyonza matone hayo na kuyashikilia, hivyo kutu huanza ndani. Rangi ya nje ikianza kuvimba, bati limekwisha kuliwa.

Kwa sababu hiyo, bitana hufungwa kwa vibanio, ikiacha nafasi ya hewa kati yake na bati. Vitundu vidogo vya kutolea maji kwenye ukingo wa chini wa mfuniko havizibwi kamwe.

Utengenezaji

Kwanza hutafutwa mpaka wa bitana. Mpira unaozunguka mdomo wa buti hupakwa chaki, kisha mfuniko hufungwa na kufunguliwa. Chaki huacha mstari kwenye bati, na bitana hukatwa sentimita 1 au 2 ndani ya mstari huo. Ikivuka, mpira haukazi vizuri na vumbi na maji ya mvua huingia.

Kiolezo hukatwa kwa kadibodi ya boksi. Kuna mafundi wanaopima nusu moja na kuigeuza kwa upande wa pili. Njia hiyo huokoa muda, lakini waya na komeo havikai sawa pande zote mbili, kwa hiyo ni bora kupima mfuniko mzima. Nafasi huachwa kwa komeo, mikono ya bawaba na, pale ilipo, kamba ya kufungulia buti kutoka ndani.

Hadibodi ya milimita 3 inatosha, ila hupinda ikilowa. Hupakwa rangi ya mafuta pande zote na hasa kwenye kingo. Plastiki ngumu inayotumika kwenye mabango haifyonzi maji na ni nyepesi zaidi. Kapeti nyembamba hubandikwa juu yake kwa gundi ya viatu mahali penye hewa, ikiachiwa sentimita 3 za kukunjwa nyuma.

Ufungaji

Upande wa ndani wa mfuniko kwa kawaida una matundu ya kiwandani. Kipenyo chake hupimwa, kisha hununuliwa vibanio vya plastiki vinavyolingana kwenye duka la vipuri. Matundu huhamishiwa kwenye bitana kwa kiolezo kilekile. Kutoboa matundu mapya ni hatua ya mwisho: drili au skrubu ndefu inaweza kutokea upande wa nje, na kila tundu jipya lisilopakwa rangi ni mlango wa kutu.

Uzito nao huangaliwa. Mfuniko huinuliwa na springi au shokapu za gesi zilizopimwa kwa uzito wa kiwandani. Plaiwudi nene inaweza kuufanya ushuke wenyewe na kumpiga mtu kichwani. Mfuniko uliofunguliwa wote usipokaa juu bila kushikwa, bitana ni nzito mno.

Baada ya kufunga, mfuniko hufungwa polepole buti ikiwa tupu ili kuona kama bawaba zinagusa bitana. Komeo hujaribiwa mara kadhaa, na mtu wa pili husimama nyuma ya gari kuangalia taa zote. Katika maeneo ya mvua nyingi, bitana hutolewa mara kwa mara ili bati likaguliwe na kukaushwa.