Nondo wa Mweru hafugwi na mtu mmoja

Novemba ikiingia, masoko ya Nchelenge na Kashikishi hupata bidhaa ya pili kando ya samaki: mabeseni ya viwavi, wengine wabichi, wengine wamekwisha kukaushwa na kutiwa chumvi. Wabemba huwaita ifishimu. Kalenda imeipendelea biashara hii, kwa sababu Zambia hufunga uvuvi katika maji yake mengi, Ziwa Mweru likiwemo, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, na kitoweo cha msituni hufika sokoni wakati kile cha ziwani kinaadimika. Mama anayeuza atakueleza bila kusita yupi mtamu, yupi wa kukaanga na yupi hukaa ghalani miezi. Ukimwuliza kiwavi huyo angekuwa nini asingeishia kwenye beseni, mazungumzo huwa mafupi zaidi.

Angekuwa nondo, na si wale wa kuzunguka taa ya jikoni. Familia yake wataalamu wanaiita Saturniidae, nondo-hariri wakubwa. Chukua Bunaea alcinoe, ambaye kiwavi wake mweusi mwenye miiba ya rangi ya maziwa huliwa Zambia na Kongo. Akitandaza mabawa hufikia sentimita 12 hadi 16, na kila bawa la nyuma lina doa kama jicho, la rangi ya machungwa, ambalo hulifichua ghafla anapobughudhiwa. Ng'ambo ya ziwa, Malaisse na Parent walichapisha mwaka 1980 utafiti wao juu ya viwavi wanaoliwa kusini mwa Shaba, kama Katanga ilivyoitwa enzi za Mobutu, na familia hii ina sehemu kubwa katika orodha yao. Kwa hiyo pande zote mbili za Mweru watu wanamjua mdudu huyu vizuri sana, lakini nusu ya maisha yake tu.

Nusu nyingine ina wapenzi wake mbali na hapa. Ulaya, Japani na Marekani wapo watu ambao hufuga nondo hawa kwa kujifurahisha, kama wengine wanavyofuga njiwa. Uingereza walikuwa na chama cha wapenzi wa wadudu tangu 1935, na mwaka 1956 chama hicho kilitoa mwongozo wa W. J. B. Crotch juu ya ufugaji wa nondo-hariri peke yake. Wengi wa wafugaji hao hununua au kubadilishana mayai ya nondo wa Afrika kwa bahasha, kisha huhangaika kuwatafutia majani ya mti usioota nchini kwao. Mkazi wa Nchelenge ana miti hiyo nyuma ya nyumba. Ndiyo maana naona ni ajabu kidogo kwamba burudani hii haijashika mizizi huku.

Kuielewa burudani hii, anza na jambo moja: nondo mzima wa familia hii hali. Mrija wa kunyonyea umedumaa au haupo kabisa, na anaishi kwa mafuta aliyojiwekea akiwa kiwavi. Siku zake ni wiki moja hivi, mara nyingi pungufu kwa dume. Ndani ya muda huo jike lazima atoke kwenye pupa, akauke mabawa, aite dume kwa harufu, apandwe, atage. Dume naye kazi yake ni kunusa. Vipapasio vyake vina matawi mengi membamba yanayonasa chembe za harufu hiyo, feromoni, kutoka mbali sana. Mfaransa Jean-Henri Fabre, aliyefariki 1915, alieleza jinsi jike wa nondo mkubwa wa Ulaya alivyotoka kwenye kifukofuko chake asubuhi, akafunikwa kwa wavu wa waya, na usiku uleule madume karibu 40 wakavamia nyumba. Hakuna aliyekuwa amewaalika ila yule jike.

Sasa weka hesabu. Jike mmoja hutaga mayai mia na zaidi, kwa baadhi ya aina mia kadhaa. Mwanzoni viwavi wanaenea kwenye sahani. Wakishabadili ngozi mara ya mwisho, kila mmoja ana unene wa kidole na anakula tawi zima kwa siku. Aliyeanza na mayai 200 atajikuta anakata matawi asubuhi na jioni. Halafu viwavi wanaingia ardhini kuwa pupa, miezi inapita, na tatizo linageuka. Madume kwa kawaida hutangulia kutoka. Kama una pupa 6 tu, madume wawili watatoka Jumatatu, wafe kabla ya Jumapili, na jike atoke wiki inayofuata akute hakuna mtu. Mfugaji wa peke yake ana viwavi wengi kupita majani yake, kisha ana nondo wachache kupita ndoa zinazohitajika.

Dawa ni majirani. Wafugaji wa nchi nyingine waligundua hivyo mapema, ndiyo sababu karibu popote burudani hii ilipo, kuna kikundi. Gawa mayai ukiwa nayo mengi. Kusanyeni pupa mahali pamoja msimu wa nondo kutoka ukikaribia. Nyumba 5 zenye pupa 10 kila moja zikiziweka kwenye ndoo kubwa za mtu mmoja, uwezekano wa dume na jike kutoka usiku mmoja unakuwa mzuri. Mkazi wa Nchelenge ana njia nyingine ambayo mfugaji wa Ulaya hana: jike akikosa mwenza, mtie kwenye kapu lenye matundu, litundikwe nje usiku kucha, na madume wa porini watakuja wenyewe. Kila aina ina saa yake, wengine mapema baada ya giza, wengine karibu na alfajiri, kwa hiyo usikate tamaa saa tatu ukaenda kulala.

Pa kuanzia? Kwenye mti. Mumpa, ambaye kwa kitaalamu ni Gonimbrasia zambesina, hula majani ya miti ya miombo kama mutondo, lakini pia hushambulia mwembe, na miembe bonde la Luapula haikosekani. Mayai hutagwa kwa mafungu kwenye majani au vijiti, na viwavi wachanga hukaa pamoja, jambo linalorahisisha kuwaona. Njia ya pili ni taa. Wavuvi wa chisense huvua usiku kwa taa, na mtu anayesubiri mitumbwi ufuoni mwanzo wa mvua, usiku usio na mwezi, huona wadudu waliofuata mwanga huo. Shuka jeupe na taa yenye mwanga mkali zinatosha, ingawa taa nyingi za kisasa za LED huwavuta nondo kidogo kuliko karabai za zamani, kwa kuwa zina mwanga kidogo wa aina ile ambayo nondo huvutiwa nayo. Ukipata jike aliyenenepa tumbo, yaelekea amekwisha kupandwa. Mweke kwenye mfuko wa karatasi usiku mmoja au miwili, ataacha mayai humo, kisha mwachie.

Hapa nisimame kidogo kwa jambo linaloweza kuua viwavi wako wote. Wafugaji huvisha tawi la mti soksi ya neti, wakafunga pande zote mbili, viwavi wakala ndani bila kusumbuliwa na nyigu wala nzi wanaotaga juu yao. Ni mbinu bora. Lakini Nchelenge ni miongoni mwa wilaya za Zambia zinazoteswa zaidi na malaria, na neti iliyo karibu na mkono wa kila mtu ni chandarua. Vyandarua vinavyogawiwa vimetiwa dawa ya jamii ya pairethroidi, iliyotengenezwa kuua wadudu, na kiwavi ni mdudu. Kukifua hakusaidii, maana dawa imetengenezwa kuvumilia kufuliwa. Vilevile usiwafugie kwenye chumba ambacho kuta zake zimepuliziwa dawa ya mbu. Tumia shashi ya pazia, au kitambaa chepesi kipya kilichouzwa kwa mita, na chandarua kiache kitandani kinapohitajika.

Mengine ni usafi. Kinyesi kiondolewe kila siku, majani yasiwe na maji, viwavi wasibanane. Mmoja akilegea na kutoa maji meusi, mtoe mara moja, kwa sababu maradhi ya virusi na bakteria yanaweza kumaliza kundi zima. Kiwavi anapoacha kula, akapungua urefu na kuanza kutembea ovyo chini ya chombo, hajaugua: anatafuta udongo. Mpe ndoo yenye udongo wa kichanga ulio na unyevu kidogo, kina cha sentimita 10 hadi 15, na usimchimbue wiki za mwanzo. Ngozi ya pupa mpya ni laini, ikipasuka amekufa.

Wengine watauliza: hariri yenyewe iko wapi? Kwa mumpa na Bunaea hakuna. Wanaitwa nondo-hariri kwa ukoo, lakini wao hujizika bila kusuka kifukofuko. Wanaosuka ni jamaa zao, kama Argema mimosae, nondo wa mwezi mwenye mkia mrefu, anayekula majani ya mng'ongo na ambaye kifukofuko chake cha rangi ya fedha kina matundu madogo. Hariri ya porini iliyojaribiwa kwa biashara Kenya, huko Mwingi, chini ya kituo cha icipe cha Nairobi, hutoka kwa Gonometa, ambaye ni wa familia nyingine kabisa. Kwa hiyo anayetafuta fedha atafute kwingine. Hii ni burudani, na inajitosheleza.

Mkia wa nondo wa mwezi si pambo, kwa taarifa yako. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walimjaribu ndugu yake wa huko, Actias luna, mbele ya popo. Nondo waliobaki na mikia yao walinaswa karibu 35 kati ya 100. Waliokatwa mikia walinaswa 81. Mkia unaozunguka hurudisha mwangwi unaompotosha popo, naye huuma mahali pasipo na uhai.

Kama kuna usiku mmoja wa kuwaita watoto wote wa mtaa, ni ule nondo anapotoka. Ganda la pupa hupasuka mgongoni. Anayetoka ana tumbo nene na mabawa manne mafupi, yaliyokunjamana kama kitambaa kilichokamuliwa. Hukimbia, na lazima apate kitu cha kupanda, kijiti au ukuta wenye mikwaruzo. Asipokipata mabawa yatakauka yakiwa yamepinda, na hataruka kamwe. Akishaning'inia, husukuma maji ya mwili ndani ya mishipa ya mabawa. Doa la jicho, lililokuwa nukta, linapanuka mbele ya macho yako. Kwa nusu saa hivi mabawa yameshuka yote, bado laini, na saa chache zijazo yatakuwa yamekauka. Kuna wapenzi wa wadudu ambao wakati huo huchukua chupa ya sumu na pini, wapate kielelezo kisicho na mkwaruzo. Makumbusho yanahitaji vielelezo, sikatai. Ila sanduku la nondo waliochomwa pini sebuleni ni nusu ya maisha vilevile, nusu nyingine tu.

Ushirika katika jambo hili si mgeni Zambia. Mbata, Chidumayo na Lwatula walieleza mwaka 2002 utaratibu wa Wabisa wa eneo la Kopa, Mpika. Mayai ya mumpa na ya chipumi, kiwavi mwingine anayeliwa, hukaguliwa kwenye miti, misitu hulindwa dhidi ya moto, ukuaji wa viwavi hufuatiliwa, na uvunaji una muda wake uliowekwa. Moto wa mwisho wa kiangazi ni adui mkubwa: hukuta nondo wakitaka kutoka na mayai yakianza kutagwa. Kukata mti mzima ili kuokota viwavi ni adui wa pili. Mfugaji wa burudani anayerudisha nondo kumi msituni habadilishi hesabu ya msitu, lakini anajifunza kwa macho kwa nini Kopa waliweka miiko hiyo.

Onyo moja kubwa. Fuga aina za hapohapo tu. Mwishoni mwa miaka ya 1860, Mfaransa Étienne Léopold Trouvelot, aliyekuwa akifuga nondo-hariri wa Kimarekani kwa maelfu huko Medford, Massachusetts, aliagiza nondo wa aina nyingine kutoka Ulaya, Lymantria dispar. Baadhi walimtoroka. Hadi leo wazao wao wanakula misitu ya mashariki mwa Marekani, na gharama ya kuwazuia haijaisha. Na usitume mayai nje ya nchi bila kibali, hata kama mnunuzi wa Ulaya anakubembeleza. Ziada yako iishie Kashikishi, Mwansabombwe, Chiengi.

Walimu wa klabu za sayansi za JETS mashuleni, neno langu la mwisho ni kwenu. Mvua za kwanza zikinyesha, wapeni wanafunzi daftari moja la klabu: tarehe mayai yalipoonekana, jina la mti, idadi ya viwavi waliofika udongoni, tarehe kila nondo alipotoka na kama ni dume au jike. Shule mbili zikiandika hivyo kwa misimu mitatu na kubadilishana mayai, zitakuwa na kumbukumbu ambayo mtafiti wa Lusaka atasafiri kuja kuisoma.