Kesi za Mali ya Akili katika Mahakama za Kenya

Mtu aibiwapo ng'ombe hajiulizi sana aelekee wapi: huenda kwa polisi, na mshukiwa akafikishwa mbele ya hakimu. Aibiwapo tungo, alama ya duka lake au mtambo alioubuni, njia haiwi wazi vile. Mali ya akili haina zizi wala haishikiki kwa mkono, na sheria ya Kenya imeiwekea milango kadhaa, kila mmoja kwa aina yake ya haki.

Asili ya tofauti hiyo ni namna haki zenyewe zinavyozaliwa. Hakimiliki huzaliwa pale kazi inapoandikwa au kurekodiwa, bila kungoja idhini ya ofisi yoyote. Hataza, kinyume chake, haipo mpaka itolewe baada ya uvumbuzi kuchunguzwa. Mzozo wa hakimiliki huuliza nani alitunga na nani alinakili. Mzozo wa hataza mara nyingi hudai ujuzi wa ufundi wenyewe.

Ndiyo maana Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001 iliweka baraza maalumu, lenye mwenyekiti na wajumbe wanne. Baraza hilo husikiliza rufani dhidi ya maamuzi ya mkurugenzi wa taasisi inayotoa hataza, na vilevile madai ya mvumbuzi dhidi ya aliyeingilia haki yake. Laweza kumzuia mkosaji na kumwamuru alipe fidia. Asiyeridhika hukata rufani katika Mahakama Kuu.

Alama za biashara zina utaratibu mwingine. Anayepinga alama mpya hupeleka pingamizi kwa Msajili katika muda wa siku 60 tangu ilipotangazwa. Lakini alama iliyokwisha kusajiliwa ikiigwa, mwenyewe hufungua kesi katika Mahakama Kuu.

Ama mwandishi wa tamthilia ambaye kitabu chake kimenakiliwa, yeye hudai fidia mahakamani, na muuzaji wa nakala haramu aweza kushtakiwa kwa jinai mbele ya hakimu. Baraza la Hakimiliki, lililopewa jina hilo kwa marekebisho ya mwaka 2019, halikuwekwa hasa kwa ajili ya kesi kama yake. Hushughulikia zaidi migogoro ya leseni, kama ile inayohusu vyama vinavyokusanya mirabaha.

Yaweza kuulizwa: kwa nini kila mdai asiende moja kwa moja Mahakama Kuu, ilhali ibara ya 165 ya Katiba ya 2010 imeipa mamlaka yasiyo na mpaka katika kesi za madai na za jinai? Jibu ni kwamba majaji wameshikilia kuwa, pale sheria inapoweka njia mahususi, njia hiyo ifuatwe kwanza. Zaidi ya hayo, katika kesi ya meli Lillian S, mwaka 1989, Mahakama ya Rufani ilieleza kuwa mahakama isiyo na mamlaka haina budi kusimama papo hapo, hata kama dai lina ukweli.

Basi anayebisha mlango usio wake hupoteza ada na muda, na huku nakala zaendelea kuuzwa. Ibara ya 40 ya Katiba inaiagiza serikali kulinda mali ya akili ya Wakenya. Ulinzi huo huanza kumfaa mtunzi siku anapoujua mlango wake.