Kiambishi -ja- katika Kauli za Makocha Kuhusu Chipukizi

Mwezi Aprili 2019, Serengeti Boys, timu ya Tanzania ya vijana wa chini ya miaka 17, ilifungwa mechi zake zote tatu katika fainali za Afrika zilizofanyika Dar es Salaam. Baada ya matokeo ya namna hiyo, kocha hulazimika kueleza hadharani makosa ya wachezaji wachanga. Akisema kipa ‘hawezi kudaka krosi’, huwa amemhukumu. Akisema ‘hajazoea kudaka krosi’, kosa limetajwa bila kufichwa, ila -ja- hudokeza kwamba tendo bado linatarajiwa. Kauli ya kwanza yahusu uwezo. Ya pili yahusu muda. Kwa kuwa kijana na wazazi wake huzisikia redioni, yafaa kocha achague ya pili.