Ukungu wa Akili (Sehemu ya Pili): Chai, Usingizi na Sahani ya Mkazi wa Gatongora

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza ukungu wa akili ni nini: mkusanyiko wa dalili ambazo kila moja huonekana ndogo, lakini zikiungana humtoa mtu kazini ilhali ameketi kazini. Husoma ukurasa mmoja mara tatu bila kuushika. Huingia dukani akasahau alichofuata. Hutafuta neno analolijua tangu utotoni, likamponyoka. Leo makala yanaingia jikoni na chumbani, kwani huko ndiko mengi yanakoanzia, na ndiko mtu wa kipato cha kawaida anakoweza kuyarekebisha bila kungoja mwisho wa mwezi.

Ubongo wa mtu mzima ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ambayo mwili huchoma ukiwa umetulia. Hauna ghala kubwa la akiba. Huitegemea damu iuletee sukari na oksijeni kila dakika, usiku na mchana. Damu ikipungukiwa na madini ya chuma, mwili ukikaukiwa na maji, au usingizi ukikatwa nusu, ubongo huwa miongoni mwa viungo vya kwanza kulalamika.

Sasa itazamwe siku ya mkazi wa Gatongora, wadi ya eneobunge la Ruiru katika Kaunti ya Kiambu. Upande huu wa Ruiru ulijulikana kwa mashamba ya kahawa. Leo ploti na nyumba za ghorofa zinazidi kuongezeka, hasa tangu barabara kuu ya Thika ilipozinduliwa mwaka 2012. Jiji la Nairobi liko umbali wa kilomita 25 hivi, lakini foleni ya magari haijali kilomita. Anayefanya kazi Industrial Area au Westlands huamka saa kumi alfajiri, akateremka hadi steji gizani, akapanda matatu baada ya kikombe cha chai ya maziwa yenye sukari na pengine andazi moja. Jioni hufika nyumbani saa mbili au saa tatu, akala ugali kwa sukuma wiki, akateremshia kwa chai nyingine, akashika simu, akalala saa tano na nusu. Kufikia Jumatano kichwa kimekuwa kizito, na mwenyewe hudhani ni uzee unaomnyemelea, au majirani humwita mvivu. Wote wamekosea. Tatizo ni mpangilio wa siku yake, na mpangilio unaweza kubadilishwa.

Deni la usingizi

Mwaka 2003 Hans Van Dongen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo kila abiria wa matatu ya alfajiri angefaa kulijua. Watu wazima wenye afya njema waliwekwa maabara kwa siku 14. Kundi moja liliruhusiwa saa nane kitandani kila usiku, jingine saa sita, jingine saa nne. Waliolala saa sita au pungufu waliporomoka siku baada ya siku, hata umakini wao ukalingana na wa watu waliokesha usiku mmoja hadi miwili mfululizo. La kutia hofu zaidi, wao wenyewe hawakulitambua hilo. Walijiona wana usingizi kidogo tu, huku vipimo vikionyesha wanazidi kuzorota.

Afrika imekuwa na ushahidi wake kwa muda mrefu. Mwaka 1960 daktari wa akili Raymond Prince, raia wa Kanada aliyefanya kazi Nigeria, aliandika kuhusu wanafunzi waliolalamika kichwa kuwaka moto na macho kuchoka, na kwamba walichokisoma hakikai kichwani. Watafiti waliomfuata walihusisha hali hiyo na kukesha wakisoma na kumeza vitu vya kufukuza usingizi. Wanafunzi wanaopanga vyumba Juja, Ruiru na Thika, na ambao wiki ya mtihani hukesha kwa kahawa, vinywaji vya kuongeza nguvu au muguka, wanaipita njia ileile.

Mtu mzima anahitaji angalau saa saba za usingizi. Kwa yule ambaye saa ya kuamka imepangwa na mwajiri na foleni, sehemu ya kurekebisha ni jioni. Chakula kiwe tayari mapema: maharagwe au githeri ya Jumapili inaweza kugawanywa na kuhifadhiwa ili jioni iwe ni kupasha moto tu. Simu iwekwe mbali na kitanda. Dakika 20 za kusinzia ndani ya matatu husaidia, ingawa hazifuti deni lote. Anayefanya zamu za usiku kiwandani naye aweke pazia zito dirishani na ajitahidi kulala saa zilezile kila siku.

Chai na kahawa zina wakati wake

Ruiru ina nafasi ya pekee katika historia ya kahawa. Kituo cha utafiti wa kahawa kilichoko mjini humo ndicho kilichozalisha Ruiru 11, aina iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 ikiwa na ukinzani dhidi ya ugonjwa wa chulebuni na kutu ya majani. Kahawa yenyewe si adui wa akili. Kafeini huzuia kemikali iitwayo adenosini, ambayo hujikusanya ubongoni tangu tunapoamka na kutuletea usingizi. Ndiyo maana kikombe cha asubuhi huchangamsha. Lakini kafeini hukawia mwilini: baada ya saa tano hivi, nusu yake bado imo kwenye damu. Anayekunywa kahawa saa kumi na mbili jioni anaingia kitandani saa tano usiku akiwa na nusu ya kikombe hicho kichwani. Chai ya majani ina kafeini pungufu, lakini vikombe vitatu vya jioni vinaweza kufika mahali pamoja. Kikombe cha mwisho kinywewe kabla ya saa nane mchana.

Chai ina jambo la pili, na hili ndilo linalowagusa wengi zaidi. Tanini zilizomo hushikana na madini ya chuma yaliyo kwenye mboga na nafaka, mwili ukashindwa kuyafyonza. Kikombe kimoja pamoja na chakula kinaweza kupunguza ufyonzwaji huo kwa zaidi ya nusu. Mwanamke anayetoka hedhi kila mwezi, au mjamzito, anayekula sukuma wiki kwa ugali na kushushia kwa chai kila siku, anaweza kuishiwa damu akiwa anakula mboga kila siku. Uchovu, kizunguzungu na kusahausahau hufuata. Dawa yake haina gharama: chai iachane na chakula kwa saa moja.

Kilichomo sahanini

Bora zaidi, nafasi ya chai mezani ichukuliwe na chungwa, pera, au ndimu iliyokamuliwa juu ya mboga. Vitamini C husaidia chuma cha mimea kufyonzwa. Maharagwe na njahi vikilowekwa usiku kucha na maji yake kumwagwa, hupungua vile vitu vinavyofungia madini ndani ya punje. Njahi, ambayo jamii ya Wakikuyu imewapikia akina mama waliojifungua tangu jadi, ina protini na chuma, na pamoja na ndengu humeng'enywa polepole, hivyo sukari ya damu haipandi ghafla na kushuka ghafla kama inavyofanya baada ya mandazi na chai tamu. Nduma na viazi vitamu vya kuchemsha, pamoja na yai, humfikisha mtu saa saba mchana bila kusinzia mezani.

Kwa mama mboga, managu, terere, kunde na saga vinastahili kushindana na sukuma wiki. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kilichoko Juja, mwendo mfupi kutoka Gatongora, ametumia miongo ya utafiti kuonyesha thamani ya mboga hizi za kienyeji, ambazo kwa muda mrefu zilidharauliwa kuwa chakula cha maskini. Nyingi zina chuma na foleti kwa wingi.

Kuna kirutubisho kimoja ambacho mboga haziwezi kukileta: vitamini B12, inayolinda neva na kusaidia kutengeneza damu. Hupatikana katika nyama, maini, mayai, maziwa na samaki. Omena kutoka Ziwa Victoria, inayouzwa kwa kipimo cha mkebe, huleta B12, chuma na mafuta ya omega-3 kwa bei ambayo nyama haiwezi kuifikia. Wanaotumia metformini kwa ajili ya kisukari kwa miaka mingi wamuulize daktari kuhusu kipimo cha B12, kwa sababu dawa hiyo inaweza kuipunguza.

Unga nao una habari yake. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inawataka wenye viwanda waongeze chuma, zinki, foleti na vitamini kadhaa katika unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwa pakiti. Unga wa posho unaosagwa mtaani kwa kawaida hauna nyongeza hizo. Unabaki na pumba yenye faida, lakini anayeutegemea aongeze bidii katika mboga, jamii ya kunde na omena.

Maji ni rahisi kusahau. Kupoteza maji kiasi cha asilimia 2 ya uzito wa mwili kunatosha kupunguza umakini, na abiria wengi hujizuia kunywa wakiogopa kushikwa na haja njiani. Glasi mbili zinywewe mara mtu afikapo kazini, kisha nyingine kila saa chache.

Jiko, dawa na miguu

Mwezi wa Julai, baridi inapobana, makaa huingizwa chumbani. Jiko linalowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu ambayo hukalia nafasi ya oksijeni kwenye damu. Kuamka na kichwa kinachouma na akili iliyochanganyikiwa, hali inayopungua mtu akitoka nje, ni onyo kubwa. Gesi hiyo huua. Jiko lilale nje, hata kama baridi ni kali.

Dawa za mafua na mizio zinazonunuliwa bila cheti, kama vile Piriton, nazo hulegeza akili hadi siku ya pili. Anayezimeza kila jioni amuulize mfamasia mbadala wake.

Kisha kuna miguu. Mwaka 2011 Kirk Erickson na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti wa wazee 120: nusu yao walitembea dakika 40, mara tatu kwa wiki, kwa mwaka mmoja. Hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu, iliongezeka kwa takriban asilimia 2 kwa waliotembea, na kwa wengine ikapungua. Kushuka steji moja kabla ya nyumbani kunatosha kuanza.

Mwaka 2015 Miia Kivipelto na wenzake wa Finland walitoa matokeo ya miaka miwili kwa wazee 1,260 wa miaka 60 hadi 77. Waliounganisha lishe, mazoezi ya mwili, mazoezi ya akili na uangalizi wa moyo na mishipa ya damu walifikiri vizuri kuliko waliopewa ushauri wa kawaida tu. Ni mkusanyiko wa mambo madogo uliowasaidia, na hakuna poda wala kidonge kinachouzwa ndani ya matatu kilichothibitishwa kufanya kazi hiyo.

Wakati wa kumwona daktari

Mtu akipanga usingizi, chai, maji na chakula kwa wiki tatu na ukungu usipungue, aende hospitali, iwe ya Ruiru au Thika. Aombe kupimwa wingi wa damu, sukari, shinikizo la damu na tezi ya shingo, na aeleze wazi kama ana huzuni isiyoisha au anakoroma na kukabwa usingizini. Akichanganyikiwa ghafla, mdomo ukaenda upande, mkono ukalegea, au homa ikaja na shingo kukakamaa, asingoje hata saa moja.

Sehemu ya tatu, wiki ijayo, itahusu ukungu wa akili kwa wanawake wanaokaribia kukoma hedhi na kwa watu waliougua Covid-19. Hadi hapo, msomaji anaombwa aandike kwenye daftari, kila siku, saa aliyolala, saa aliyoamka na wakati aliokunywa chai yake, ili awe na la kulinganisha.